Nyuzi Nilizomchagulia

Kabila langu sitaliandika hapa. Mwaka ule niliulizwa kabila mara nyingi kuliko jina: kwenye vizuizi, kwenye bomba la maji, hata mlangoni mwa kanisa, na nimechoka. Anayelitaka akalitafute kwingine. Ninachoandika ni habari ya gitaa na nyuzi zake, na ya mume wangu, ambaye naishi naye mpaka leo na ambaye akisoma haya atanuna. Anune.

Tulikaa Saio, hapa Bunia, kwenye nyumba ya matofali mabichi na bati: mimi, yeye, mama yake na watoto wetu wawili. Wa tatu alikuwa tumboni. Kabla ya vita niliuza viazi na maharage yaliyoteremka kutoka Kpandroma. Vita vilipofunga barabara nikaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo, na kuiuza kwa mafungu. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambayo ilikuwa haifunguliwi tena, na jioni, badala ya kwenda kutafuta kuni, alikaa na gitaa. Niliolewa nikijua. Dada zangu waliniambia ukipenda boga, penda na ua lake. Boga nililipenda. Ua lile lilikula mafuta ya taa, lilikula nafasi yangu kitandani siku za mvua kwa sababu bati lilivuja upande wake, na mtoto akilishika alichapwa.

Lilikuwa gitaa la nyuzi za nailoni. Marehemu baba mkwe wangu alikuwa katekista, na padri mmoja mzungu aliyerudi kwao kuzeeka alimwachia. Mama mkwe alisema hiyo ndiyo sauti ya bwana wake iliyobaki duniani. Mume wangu naye alikuwa na mahubiri yake juu ya chombo hicho, na niliyasikia mpaka ningeweza kupanda mimbarani kuyahubiri mwenyewe. Gitaa la nailoni usilitie nyuzi za chuma. Chuma kinavuta. Mbao yake ni nyembamba, haikuumbwa kwa chuma. Shingo itapinda, na daraja, kile kibao kilichogundishwa tumboni kinachoshika nyuzi zote, litang'oka na kuondoka na ngozi ya mbao.

Mfano wake ulikuwa mmoja. Kijana wa kwaya ya jirani alitaka sauti ya kung'aa kama ya bendi, akatia nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Wakati wa matoleo, watu wanapita mbele na ndizi zao na kuku zao, daraja likang'oka kwa kishindo, kuku mmoja akamponyoka mwenyewe, akapanda altareni. Mume wangu alisimulia kisa hicho kwa sauti ya msibani. Mimi nilicheka kila mara, naye alikasirika kila mara, akasema sijui kitu kinachoitwa hasara.

Walikuja kumchukua Jumapili baada ya misa. Komanda wa kundi lililoshika mtaa wakati ule alikuwa amesali pamoja nasi, kwenye benchi la mbele, akamsikiliza mume wangu wakati wa komunyo huku amefumba macho kama mtakatifu. Baadaye akaja uani kwetu na watu wake wanne.

"Mwalimu," alisema, "batu yangu banakufa na huzuni. Utakuja kutupigia muziki kidogo."

"Mpaka saa ngapi, komanda?"

Wale wanne walicheka. Komanda hakucheka, alimtazama tu, kwa upole, kama mtu anayemngoja mgonjwa avae viatu. Hakuna aliyempiga mume wangu, hakuna aliyemshika mkono. Aliingia ndani mwenyewe, akachukua kitenge changu kizuri, kile nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa, akafungia gitaa. Kisha akatoka. Mama yake alimlilia njiani. Mimi sikulia, nilikuwa nakitazama kitenge.

Walimweka mtaa wa Rwambuzi, kwenye nyumba kubwa ya mfanyabiashara aliyekimbia. Uani mlikuwa na turubai, na chini yake waliwakusanya wanamuziki wao: mume wangu, mpiga ngoma wa kwaya nyingine, na mzee mmoja wa likembe, kile kinanda kidogo cha vidole gumba. Mchana walipigia wapishi na majeruhi, jioni walimpigia komanda. Wake tuliruhusiwa kupeleka chakula. Kwa hiyo nilitwanga, nikapika, nikabeba tumbo langu na bakuli langu kutoka Saio, na mlinzi wa getini alinifanyia jambo ambalo mpaka leo nikisikia harufu ya sombe linanirudia.

"Onja," alisema.

Walikuwa wanaogopa sumu. Nilipaswa kula mbele yake, kijiko cha sombe, tonge la ugali, na kungoja. Mimba ile ilikuwa haitaki sombe hata kidogo. Nilikuwa nameza na machozi yananitoka, naye anahesabu kwa macho kama nitaanguka. Nisipoanguka, alichota nusu ya bakuli, akaniachia nusu ya kumpelekea mume wangu. Siku moja nilitapika pale pale, miguuni pake. Alinipiga kitako cha bunduki begani, akasema nimetaka kuwaua, na ni yule mzee wa likembe aliyepiga kelele kwamba mama huyu ana mimba, hamna macho?

Nyumbani nako hakukuwa nyumbani. Majirani waliacha kununua sombe yangu. Waliniita muke ya mupiga miziki, na maana yake ilikuwa: huyu anakula nao. Mwanamke mmoja tuliyechota maji pamoja miaka yote alisogeza ndoo yake nilipofika bombani, eti ya kwangu isiiguse. Nilimwambia maji ni yale yale, shoga, na yote yanapita kwenye bomba la watu waliokimbia. Hakunisemesha tena. Na mama mkwe alikuwa na wimbo wake wa asubuhi na jioni: "Lete mutoto yangu na gitare yake." Siku zote vyote viwili, kwa pumzi moja. Nilimuuliza akipata kimoja tu atachagua kipi. Akaniita mchawi.

Kisha ngoma ya yule mpiga ngoma ikapasuka. Ngozi ilikuwa kuukuu, ikapasuka katikati ya wimbo, na hapakuwa na ngozi nyingine. Komanda alimwambia bila ngoma yeye ni tumbo tu la kulisha. Walimfukuza kwa mateke. Nilimkuta kwake kesho yake, anachechemea, mtoto wake kamkalia mgongoni, anacheka na meno yaliyobaki. Ndiye aliyenieleza jambo ambalo mume wangu hakuwa amelijua au hakutaka kuniambia.

"Bako nafunga mizigo," alisema. "Bataacha muji. Siku ya kuondoka, kila mutu mwenye iko mu ile lupango atapanda lori, anapenda ao hapendi. Kule juu hakuna muziki, mama. Kule iko bunduki. Toa bwana yako haraka."

Lupango ni ua. Basi ndivyo mambo yalivyokuwa, na sikuhitaji mwalimu wa kunieleza. Mume wangu alipaswa kutoka katika ua ule kabla ya malori, na mimi nilipaswa kuwa naye kabla ya mtoto kuja. Mlango wa kutokea nilikuwa nimeuona kwa macho yangu. Ulikuwa na upana wa ngoma iliyopasuka.

Nyuzi zenyewe zilinisaidia. Wiki ile mbili zilikatika, na mume wangu akaweka mshipi wa kuvulia samaki mahali pake. Sauti ikawa ya ajabu, upande mmoja unaimba, upande mwingine unakohoa. Nilifika na bakuli nikamkuta komanda amesimama mbele yake.

"Hii gitare inalia sawa kikopo," alisema. "Kamba inapatikana wapi?"

"Mu muji, komanda, kwa ule muzee wa vipande vya kinga. Niende miye mwenyewe, nichague."

"Weye hapana." Komanda alinigeukia. Alikuwa na macho mazuri, na hilo lilinikera zaidi. "Mama huyu ataenda. Weye ukibaki hapa, yeye atarudi. Mama, mwambie ule muzee komanda ndiye anatuma."

Mume wangu akanishika mkono, akanivuta pembeni kidogo, na mimi mjinga nilifikiri ataniuliza habari za tumbo. Miguu yangu ilikuwa imevimba, ndala zimeniachia alama. Bega lilikuwa bado la bluu pale kitako cha bunduki kilipopita.

"Nailoni," alisema. "Utasikia? Tatu ziko wazi, sawa mshipi wa samaki. Tatu zingine bamezizungushia waya nyembamba, lakini ndani ni uzi, zinalainika ku mukono. Chuma hapana. Chuma itaua gitare."

"Nimesikia."

"Sema ulisikia nini."

"Nailoni."

"Chuma hapana?"

"Chuma hapana, mwalimu."

Hakuuliza watoto wamekula nini. Nilitoka getini na hasira imenijaa mpaka masikioni, na nilipofika barabara kubwa nilikuwa nimeshaacha kuwa na hasira naye tu. Nilikuwa na hasira na kila mtu mwenye mikono miwili.

Katikati ya mji maduka yalikuwa yamevunjwa milango, mengine yamejengewa matofali. Mzee wa vipande vya kinga, yaani vipuri vya baiskeli, alikuwa anauzia nyuma ya nyumba yake, kwenye chumba chenye dirisha moja. Alikuwa na minyororo, vali, betri za redio, na kopo kubwa la maziwa ya unga ambamo aliweka nyuzi za gitaa kutoka Kampala. Alinitazama kupitia dirishani kwa muda mrefu.

"Weye ni wa wapi?"

"Wa Saio."

"Sikuuliza kartie." Alitaka kabila, si mtaa.

"Baba, ninatafuta kamba za gitare. Komanda ndiye anatuma."

Nilipotamka neno hilo uso wake ulijifunga. Alikuwa anajua, kama nilivyojua, kwamba anayetumwa na komanda halipi. Alileta kopo, akalitua kwa nguvu kwenye kizingiti cha dirisha.

"Basi chukua. Bwana yako anapigia bauaji, weye unakuja kuiba bazee. Nyumba nzuri hiyo!"

"Bwana yangu hakwenda kwa kupenda."

"Hakuna mwenye anaenda kwa kupenda. Lakini mitaa inaungua."

  Nilitia mkono ndani ya kopo. Kulikuwa na paketi za aina mbili tu. Nilifungua ya kwanza: nailoni, tatu nyeupe za kuteleza, tatu zilizozungushiwa waya, laini, zinajikunja zenyewe kivivu ukiziachia. Nilifungua ya pili. Chuma. Zilikuwa baridi, zenye vishanga vidogo vya shaba mwishoni, na nilipoukunja mmoja ulijikunjua na kunichoma kwenye kidole gumba.

Nilisimama pale na paketi mbili mikononi. Nyuzi za nailoni zingedumu. Gitaa lingeimba vizuri, komanda angefumba macho yake, na malori yakija mume wangu angepandishwa na gitaa lake zima, na mimi ningezaa peke yangu. Za chuma zingeng'aa siku moja, mbili, labda juma zima, kisha daraja lingeng'oka, na katika mji mzima wa Bunia hapakuwa tena na gitaa jingine, wala fundi, wala gundi. Angepigwa mateke, nilijua. Niliyahesabu mateke yale kama yangu nikaona tunaweza kuyabeba. Yule wa ngoma alikuwa anacheka. Sikuomba msamaha kwa gitaa wala kwa marehemu baba mkwe. Wafu walikuwa wengi mwaka ule, na wote walitaka kitu.

"Nachukua hizi," nilisema.

Mzee aliinua ile paketi, akaisogeza karibu na macho yake.

"Gitare yenyewe iko ya namna gani? Ile iko na kichwa ya matundu, kamba zinafungwa na fundo?"

"Hapana. Ni ya chuma."

"Mama."

"Ni ya chuma, baba."

Alinitazama. Nadhani alielewa, si yote, lakini alielewa kwamba mwanamke mwenye tumbo hilo hadanganyi bure. Uso wake haukulainika. Aliniambia kama kitu kitavunjika nisimtaje, kwamba hakuniona na hakuniuzia, na la kwanza ni kweli nusu na la pili ni kweli tupu, maana sikulipa kitu. Kisha akafunga dirisha mkono wangu ukiwa bado haujatoka vizuri.

Kwenye kizuizi cha kwanza walinimwagia kila kitu. Kijana mmoja aliyelewa alizikuta nyuzi akapiga kelele kwamba ni nyaya za redio, kwamba napelekea adui mawasiliano. Nilimwambia azitazame vizuri, adui gani anazungumza kwa vishanga? Akanizaba kofi. Mwenzake alitambua ni za gitaa, wakataka niimbe ili kuhakikisha. Niliimba. Niliimba wimbo wa ekaristi katikati ya barabara, shavu linawaka, na nilikuwa na chuki safi kiasi kwamba sauti yangu haikutetemeka.

Mume wangu alifungua paketi mbele ya komanda. Niliuona uso wake. Alitoa uzi mmoja, akautazama, akautazama na ule mwingine, halafu akainua macho kwangu. Lilikuwa jambo rahisi kwake kusema: si hizi, amekosea, arudi akabadilishe. Hakusema. Angesema, komanda angeuliza kwa nini mama ameleta zisizofaa, na swali la namna hiyo pale uani halikuwa na jibu zuri. Kwa hiyo alinikinga, hilo namwandikia, sitaki isemwe kwamba sikumwandikia. Alipitisha nyuzi kwenye matundu ya daraja, vishanga vikakaa nyuma, akazikaza polepole, anageuza ufunguo kidogo, anaweka sikio kwenye mbao, anageuza tena, kama mtu anayempima mtoto homa.

Sauti ilipotoka, ua wote uligeuka. Ilikuwa kali, safi. Komanda alipiga makofi.

"Voilà! Mama, weye ulichagua muzuri!"

"Asante, komanda," nilisema, na moyoni nikasema: vuta. Vuta, chuma.

Nilirudi Saio nikangoja. Nilipika nikingoja, nilifua nikingoja. Kila mtu aliyepita njiani akitokea upande wa Rwambuzi nilimtazama miguu, kama anachechemea. Mama mkwe aliniuliza mbona nimefagia nyumba hivyo, nani anakuja? Nikamwambia mtoto wako. Alinitazama kwa mara ya kwanza bila chuki, na siku hiyo tulikula kutoka sahani moja.

Hakuja. Nilipopeleka chakula tena, nilionja, nikameza, nikaingia chini ya turubai. Gitaa lilikuwa mapajani mwake, zima. Niliinama kana kwamba namtengea chakula, nikatazama daraja. Halikuwa limeinuka hata unywele. Kisha nikaona shingo.

Kalamu ya risasi ilikuwa imelazwa juu ya nyuzi, imebanwa kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli. Yeyote wa Bunia aliyewahi kukaa karibu na gitaa anaijua kalamu hiyo. Wanaoanza huifunga ili kupandisha sauti yote mara moja, kwa sababu vidole vyao havijajua kubana. Mume wangu alikuwa akiwacheka. Hakuwahi kufunga kalamu katika maisha yake. Na mtu asiyehitaji kalamu akiifunga, sababu ni moja. Amezilegeza nyuzi zote mpaka chini, zisivute mbao, kisha kalamu inazirudishia sauti yao juu. Masikio ya komanda yalisikia muziki ule ule unaong'aa. Mbao ilikuwa imepumzika.

Mlinzi alikuwa anakula. Nilipiga magoti karibu na mume wangu.

"Kalamu ya nini?"

"Ulileta chuma."

"Nilileta chuma, ndiyo. Na unajua juu ya nini, kwa sababu gani."

"Ninajua."

"Basi juu ya nini unalegeza? Acha ipasuke! Yule wa ngoma iko kwake, iko nalala na batoto yake. Malori inakuja, baba wa batoto!"

"Ni gitare ya baba."

"Na hii tumbo, ni ya baba?"

Aliniambia niongee polepole. Hayo ndiyo maneno aliyonipa siku ile: ongea polepole. Vidole vyake vilikuwa juu ya kalamu, anaikandamiza isiteleze. Nilitaka kuing'oa. Nilitaka kulikalia gitaa lile kwa uzito wangu wote wa miezi minane. Mlinzi alikuwa amemaliza kula, akasema mama, inatosha, toka.

Malori yaliondoka asubuhi moja yenye ukungu. Niliambiwa na yule mwanamke wa ndoo, aliyekuja mlangoni kunipa habari, na sauti yake ilikuwa na utamu. Wote waliokuwa uani walipandishwa. Mzee wa likembe alikataa, wakamwacha kando ya njia, na sitasema wamemwacha vipi. Mume wangu alipanda na gitaa mgongoni.

Kisha kundi jingine liliingia mjini, na risasi zilianza upande wa soko. Nilichukua watoto na mama mkwe na sufuria moja, tukakimbia na watu wengine mpaka karibu na uwanja wa ndege, ambako wageni wenye kofia za bluu walikuwa na uzio. Tulilala chini ya shitingi, familia tatu kwenye karatasi moja ya plastiki. Pale ndipo nilipozaa, mvua inapiga juu, watu wamenipa mgongo kwa heshima kwa sababu hapakuwa na heshima nyingine ya kunipa. Aliyekata kitovu ni mwanamke nisiyemjua. Sikumuuliza kabila lake naye hakuniuliza langu. Mama mkwe alinishika kichwa, na katikati ya uchungu wenyewe nilimsikia anaomba Mungu amrudishe mtoto wake na gitaa lake. Nilimuuma mkono. Alisema ni uchungu. Haukuwa uchungu.

Alirudi baada ya askari wa kigeni kutuliza mji na makundi kusambaratika. Tulikuwa tumesharudi Saio, mlango umeibwa, bati la upande mmoja limeibwa pia. Alikuja kwa miguu, amekonda mpaka masikio yake yakaonekana makubwa, na gitaa lilikuwa mgongoni, zima, bila mkwaruzo. Hakuwa amepewa bunduki. Komanda wake alipenda kuimba, basi huko milimani alimpigia komanda. Msichana wetu, yule aliyezaliwa chini ya shitingi, alikuwa ameshaanza kucheka. Baba yake alimbeba, akalia, na mimi nilimwachia alie.

Mama mkwe ndiye aliyelileta lile wazo. Tulikuwa tunachambua maharage, akasema kwa sauti ya ushindi: "Unaona? Gitare ndiyo ilimukinga. Kama ingepasuka, bangemupa bunduki. Mutoto yangu iko na akili. Alijua."

Nililichukua wazo lile kama mtu anayeokota sarafu njiani, nikaliweka mahali, nikawa nalitoa na kulitazama. Linawezekana. Wa ngoma walimfukuza, lakini kila siku si sawa na jana. Labda aliona jambo nisiloliona. Labda aliifunga ile kalamu kwa ajili yangu, kwa ajili ya watoto, arudi na mikono isiyo na damu, na mimi nimekaa miezi yote ile na chuki isiyo na haki. Nilianza kulala vizuri. Nilianza kumwekea nyama yake.

Nikataka kulisikia kutoka kwake. Asubuhi moja alikuwa anakarabati mlango, mimi nimekaa kizingitini namnyonyesha msichana.

"Baba wa batoto," nilisema, "niambie. Ile kalamu uliifunga juu ya bunduki, ndiyo? Uliogopa bakikosa muziki batakupa bunduki?"

Nilikuwa nimemwekea jibu mdomoni. Alichotakiwa ni kumeza. Aliacha nyundo, akafikiri kwa makini, kama anavyofikiri mwanafunzi akimuuliza swali gumu.

"Hapana," alisema. "Bunduki sikuiwaza. Niliona tu ile mbao inavutwa, nikaihurumia."

Nilingoja aongeze neno juu yetu, hata la uongo. Parokia nzima humsifu kwamba hasemi uongo, na ni kweli, hasemi.